Idhini ya Baba

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

LOVENESS: Mama, ni mimi.

MAMA: Mimi nani?

LOVENESS: Loveness, mama! Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Mbona namba ngeni? Umeshaibiwa simu huko Dar?

LOVENESS: Yangu imezima chaji. Hii ya Faudhia, yule dada wa ofisi ya wakala wa kazi za nje. Kaniazima, lakini salio lenyewe la kuungaunga. Bibi hajambo?

MAMA: Huyu hapa, tunapukuchua maharage. Jana ukungu ulitufungia ndani kutwa, leo kajua kametoka. Anauliza umekula?

LOVENESS: Nimekula. Mama, vipimo vimetoka.

MAMA: Eeh?

LOVENESS: Damu safi, mkojo safi, macho wamesema—

MAMA: Na kifua?

LOVENESS: Kifua safi. Macho ndiyo—

MAMA: Picha umeiona mwenyewe? Au umeambiwa tu?

LOVENESS: Nimeiona. Daktari kaiweka kwenye taa, kasema sina doa hata moja. Kwani vipi? Tangu juzi kifua, kifua.

MAMA: Hamna. Bwana asifiwe. Bwana asifiwe sana.

LOVENESS: Sasa imebaki karatasi moja. Sogea pembeni kidogo, Bibi asisikie.

MAMA: Unanitisha wewe.

LOVENESS: Sogea tu, mama.

[mtandao unakwaruza]

MAMA: Haya, niko nyuma ya zizi. Sema upesi, huku mtandao wa kubahatisha.

LOVENESS: Mkataba wa hoteli ya Maskati ninao. Paspoti ninayo, alama za vidole polisi nimeshachukuliwa. Ila ofisi hii, msichana kama hajaolewa, wanataka idhini ya baba kwa maandishi. Baba kama hayupo, basi cheti cha kifo. Mwisho Ijumaa. Nisipopeleka, nafasi anapewa mwingine.

MAMA: Ijumaa hii?

LOVENESS: Ijumaa hiihii.

MAMA: Si ungewaeleza?

LOVENESS: Nimewaeleza. Nikasema baba alikwenda Maskati nikiwa na miaka tisa, akapiga simu mwaka na kitu, akanyamaza. Wananiambia aliyepotea hawamtambui, wao wanamjua aliye hai au aliyekufa. Kwa hiyo, mama... naona hata aibu kulisema.

MAMA: Liseme tu.

LOVENESS: Nenda kwa mtendaji wa kijiji. Ukoo ukae, mtamke kwamba baba kafariki. Najua Bibi mpaka leo anafua sweta lake kila Krismasi. Najua ni kama namzika mtu aliye hai. Lakini miaka kumi na minne, mama, na mimi nita—

MAMA: Hakuna haja ya kwenda kwa mtendaji.

LOVENESS: Usikatae kwanza, nakuomba—

MAMA: Sijakataa. Cheti kipo.

LOVENESS: Nini kipo? Unakatika!

MAMA: Cheti cha kifo cha baba yako. Kipo ndani ya foronya ya mto ninaolalia. Mwaka wa kumi na mbili huu.

LOVENESS: Umesema nini?

MAMA: Usinirudishe, Loveness. Mara mbili sitaweza.

LOVENESS: Alifia Maskati?

MAMA: Maskati hakufika.

LOVENESS: Si tulikuwa tunaongea naye! Kila Jumapili! Anatuambia joto, anatuambia mchanga, tunawasikia na Waarabu wanaadhini—

MAMA: Alikuwa Tanga mjini. Amepanga chumba nyuma ya msikiti.

LOVENESS: Tanga? Tanga hii?

MAMA: Walimpima kama ulivyopimwa wewe. Picha ya kifua ikatoka na doa. Wakamwambia, mzee, rudi nyumbani. Angerudi vipi? Kwaya nzima ilimsindikiza mpaka kwenye basi, mchungaji kamwekea mikono. Wiki ya pili yake aje ashuke palepale, na begi lilelile?

LOVENESS: Si angeshuka tu! Nani angemcheka?

MAMA: Nani asingemcheka. Kijiji hiki cha Mtae unakisahau?

LOVENESS: Na wewe ulijua muda wote?

MAMA: Sikujua mpaka hospitali waliponipigia. Nikamkuta bado anaongea. Kaniambia, "Evelina, mama asijue kwamba sikufika." Siku ya tatu akaondoka. Tukamzika hukohuko, mimi, mwinjilisti na wauguzi wawili.

LOVENESS: Lini? Wewe uliondoka lini hapo nyumbani?

MAMA: Ile semina ya akina mama.

LOVENESS: Ulirudi na machungwa.

MAMA: Eeh.

LOVENESS: Kiroba kizima. Mimi na mdogo wangu Alen tukakupokea kwa vigelegele. Tumekula machungwa ya msiba wa baba yetu, mama!

MAMA: Punguza sauti, uko kwenye ofisi ya watu.

LOVENESS: Na sala ya jioni? Bibi anaomba, "Bwana, mrudishe Stephano," na wewe unasema Amina. Nilikuwa nakusikia! Sauti yako inazidi za wote.

MAMA: Ulitaka nisemeje, mkwe wangu kanishika mkono?

LOVENESS: Nina hasira na wewe.

MAMA: Una haki.

LOVENESS: Unajua kwa nini nilichagua Maskati? Dubai walikuwa nayo, tena mshahara mzuri. Nikasema hapana, Maskati. Nilijua kaoa huko. Nilitaka nimtafute nimtukane mbele ya mke wake. Miaka yote hiyo namchukia mtu aliyelala udongoni Tanga!

MAMA: (analia)

LOVENESS: Mwambie Bibi. Leo.

MAMA: Nimejaribu. Kila nikianza ananiambia yeye hafi mpaka amwone Stephano wake. Nikilitamka nimemuua.

LOVENESS: Mwache alie kama watu wengine wanavyolia! Usiposema wewe, nitasema mimi. Mpe simu.

MAMA: Loveness—

LOVENESS: Mpe simu!

MAMA: Huyo anakuja mwenyewe na fimbo yake. Haya. Mwambie wewe. Pengine wewe utaweza. Mama, shika, mjukuu wako.

[simu inakwaruza]

BIBI: Haloo! Haloo!

LOVENESS: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mama yako analilia nini nyuma ya zizi? Wamekukataa?

LOVENESS: Hapana, Bibi. Wamenikubali.

BIBI: Basi analia furaha, mjinga huyu. Hongera, mjukuu wangu, hongera.

LOVENESS: Bibi, kuna jambo nataka—

BIBI: Nitangulie mimi, nitasahau. Unakwenda Maskati?

LOVENESS: Ndiyo.

BIBI: Kule kwa baba yako. Ukimwona usimgombeze. Mwambie mama yake hamdai kitu. Sitaki redio, sitaki blanketi. Aje hata mikono mitupu, nitamfungulia mlango mwenyewe.

LOVENESS: Nakusikia, Bibi.

BIBI: Utamjua lakini? Ulikuwa mdogo. Atakuwa amezeeka, na kipara cha babu yako kimeshamfikia.

LOVENESS: Nitamjua, Bibi.

BIBI: Haya. Na wewe ulitaka kuniambia nini?

LOVENESS: Bibi, mimi—

BIBI: Sema, mwanangu. Umri huu naogopa neno gani?

LOVENESS: Nilitaka... nilitaka kujua anapenda chakula gani. Nikimkuta nimpikie.

BIBI: Ee, Mungu akubariki! Makande. Mafuta usizidishe, tumbo lake halitaki tangu utotoni.

LOVENESS: Sitazidisha.

[mlio wa salio]

BIBI: Nini hicho kinalia?

LOVENESS: Salio linaisha, Bibi. Mwambie mama ile karatasi aitume kwa basi la alfajiri, asisahau, Ijumaa ndiyo mwi—

[simu imekatika]

BIBI: Haloo? Loveness? Imekufa hii. Evelina! Anasema utume karatasi na basi la alfajiri. Karatasi gani?

MAMA: Ni... ni ya Stephano, mama.

BIBI: Ya Stephano? Kaandika? Mwanangu kaandika, na wewe umekaa nayo? Ilete hapa, Evelina. Nisomee.