Kiti cha Wanjugu Karibu na Mashine

Tumekutana hapa Uthiru kumsindikiza dada yangu mkubwa, Wanjugu wa Ndungu. Mimi ni Jamleck, kitinda mimba wa nyumba yetu. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu alizaliwa Machi 1916, hapa hapa Uthiru. Alisoma shule ya misheni miaka mitatu, akajua Biblia na hesabu za kutosha asipunjwe sokoni. Mwaka 1936 alifunga ndoa na marehemu Wahome. Asubuhi ya harusi alikutwa jikoni na gauni lake jeupe, akichambua maharagwe ya wageni. Alisema, "Haya mawe yenu yatawavunja wakwe zangu meno!" Mungu aliwajalia watoto wawili.

Alipofiwa na mumewe, mwaka 1950, aliajiriwa kuchambua kahawa katika kiwanda kimoja mjini. Baadhi ya akina mama walikaa dirishani, wengine kando ya mashine ya kukoboa, ambako vumbi la maganda halitulii. Meneja alisema viti hupangwa kwa bahati. Ala! Bahati gani hiyo inayowajua wanaompelekea kuku? Dada hakupeleka kuku, akakaa mashineni miaka saba. Wa dirishani waliambiwa wenzao ni wavivu, nao wakaamini, hata salamu zikakatika.

Mwaka 1957 alianza kukohoa, akaomba ahamishwe. Meneja akamjibu, "Mama, hiyo ni baridi ya kwenu Uthiru." Sisi sote tunaishi kwenye baridi hiyo, na vifua vyetu ni vizima. Aliaga dunia nyumbani tarehe 9 Agosti 1958.

Jana Meneja alituletea jeneza zuri na gunia la sukari. Asante, lakini mgeni wa namna hiyo haji bure. Chai haijapoa, akamwita Wangeci, binti wa marehemu.

"Nafasi ya mama yako ipo. Njoo Jumatatu."

"Nafasi ya dirishani?" Wangeci akauliza.

Meneja akacheka. "Tutaona bahati yako."

Nilitaka kumrudishia gunia lake, lakini nikalipeleka jikoni. Nyumba ile haina mshahara mwingine, na bila mshahara Lazarus, mdogo wa Wangeci, ataacha shule. Uamuzi ulikuwa wa Wangeci.

Marehemu ameacha mdogo wake Jamleck, mwanawe Lazarus, na binti yake Wangeci, aliyenituma asubuhi hii. Bwana Meneja, wewe uliyesimama pale na tai nyeusi: Wangeci haji Jumatatu. Lazarus tutamsomesha sisi, hata kama ni kwa kuuza viazi.

Mungu ampumzishe dada yetu penye hewa safi.