Watu Arobaini wa Papa Zacharie

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika depo yetu ya dawa hapa Kasongo, Papa Zacharie anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kwenye fonia, redio ya mawasiliano, akiwasomea watu wa vituo majina ya dawa hadi koo linakauka. Leo vituo vya afya, mpaka Kabambare, vinafungua ukurasa wetu kwenye simu na kuona dawa gani iko wapi.

Ukurasa huo unakaa ndani ya seva moja ndogo inayotegemea jua na betri. Papa Zacharie aliiwekea kikomo: watu arobaini kwa wakati mmoja, wengine wangoje kidogo. Tulimtania kwamba ni mchoyo. Hata kwenye arusi yangu, mwezi wa pili, alisimamia chakula kwa mtindo huohuo: sahani hamsini, walaji hamsini, wengine wacheze kwanza. Wageni walinung'unika, lakini wote walishiba.

Hapa naandika kwa aibu. Siku hiyo ya arusi mke wangu Naomie, ndani ya kitenge cha njano, aling'aa kuliko asubuhi yenyewe, nami nilitaka mkoa wetu mzima wa Maniema umwone. Kesho yake nikaweka picha zetu mia mbili za arusi kwenye seva ya kazi, nikaondoa kikomo ili wote waingie. Watu wakamiminika. Kufika saa nne asubuhi, kumbukumbu ya mashine ilijaa, seva ikakwama.

Saa hiyohiyo muuguzi Consolée wa Kabambare alikuwa akitafuta dawa ya sumu ya nyoka. Ukurasa haukufunguka. Akatuma pikipiki mbali, hadi Salamabila, kwa kubahatisha, kumbe dawa ilikuwa kwenye kituo cha jirani, mwendo wa saa moja tu. Mkulima Atumani, aliyeumwa na nyoka, alipona, lakini alipoteza vidole viwili vya mguu.

Kwenye ripoti Papa Zacharie aliandika jina lake mwenyewe kama mwenye kosa, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi, akakemewa mbele yetu sote. Mimi nilinyamaza. Baadaye aliniita kwenye mashine, akasema tu: "Andika arobaini, mwanangu. Kwa mkono wako."

Niliandika. Juzi nilimweleza Naomie yote; akalia, kisha akanipa kalamu. Kosa lilikuwa langu, na barua ya kusahihisha ripoti iko mezani kwa mkurugenzi.

Asante, Papa Zacharie. Ukae kwa raha na mkeo, Mama Emilienne, na kwenye kila arusi muwe wa kwanza kupewa sahani. Arobaini yako iko palepale. Sitaigusa.