Majina Mawili ya Binti Yangu

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Mwenyekiti amenipa nafasi, naye ananijua, nikianza sinyamazi, kwa hiyo aliyeacha maharage jikoni akayaepue kwanza. Mtu aliyetutesa sitamtaja, msinifuate nyumbani kuniuliza. Majina ya binti yangu nitayataja, kwa sababu shida yenyewe ilianzia hapo, na nimemwomba ruhusa akanipa.

Alizaliwa akaitwa Siwema. Alipotoka unyagoni, ana miaka saba, shangazi yake akampa jina la Somoe. Haya, nani hapa Makote asiyejua mambo hayo? Mwali akishatoka, ukimwita jina la utotoni umemvunjia heshima. Januari yake tukamwandikisha darasa la kwanza kwa jina la Somoe. Kadi ya kliniki ikabaki sandukuni na jina la Siwema, wala sikuona tatizo.

Akakua, akapenda mpira. Mguu wake wa kushoto mmeuona wenyewe. Akiwa na miaka kumi na sita walicheza Masasi, akafunga mabao mawili, na wiki ileile mtu akaja nyumbani. Tulikuwa tunaanika korosho. Akanipa shikamoo, akaongea Kimakonde, akaketi mkekani akatusaidia kuchambua. Nani atamshuku mtu wa namna hiyo? Akasema yeye ni wakala wa wachezaji, atamtafutia binti timu kubwa, anataka kuona karatasi zake tu.

Ndugu zangu, nawaambia, ujinga wangu niliufanya kwa majivuno. Nilitoa sanduku zima. Cheti cha shule, kadi ya kliniki, vyote akavipiga picha kwa simu yake, kimoja kimoja. Nikamweleza na majina yote mawili, kwa kirefu, mpaka jinsi ngoma ilivyochezwa. Kisha nikaweka dole gumba kwenye karatasi ambayo sikuisoma. Somoe alikuwa amekwenda kuchota maji. Sikumuuliza. Mtoto anaulizwa nini? Ndivyo nilivyofikiri siku ile.

Miezi ikapita kimya. Halafu simu zikaanza. Mtu wa mji nisioujua, hanijui simjui, akaniuliza, "Mama, binti bado anaanguka?" Jamani. Somoe aliugua degedege akiwa na miaka mitatu, ikaandikwa kwenye kadi, ikapona, ikaisha. Tuliojua tulikuwa wachache sana. Wiki iliyofuata akapiga mwingine, swali lilelile. Kumbe kadi ya mwanangu ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu, na kila timu iliyoiona ilimkataa kabla ya kumwona akigusa mpira.

Kisha timu moja ya Masasi ikamtaka, na shule wangemsomesha. Nikampigia yule wakala kumwambia basi, tuachie mtoto wetu. Akacheka. Akasema kwa dole gumba langu binti ni wake, hachezi popote bila yeye. Na akasema, "Majina mawili ni kughushi. Nikipeleka karatasi hizi mbili, mwanao anafungiwa maisha na wewe unalala jela."

Nikaufyata. Miaka miwili, wenzangu. Kocha wa Masasi alipokuja nilimwambia kazi za shamba ni nyingi. Alipokuja tena nikasema binti anaumwa, na huku binti mwenyewe yupo mlangoni, mzima, anasikia. Mimi niliyekuwa napiga vigelegele uwanjani! Ningemwambia nini? Kwamba nimekufunga kwa kidole changu? Simu ikilia niliizima. Bibi yake akimtania kwa jina la Siwema, namkaripia mama wa watu, hajui kosa lake. Somoe akawa ananijibu ndiyo na hapana tu. Siku alipogawa viatu vyake vya mpira nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikarudi nikapika.

Basi siku moja akaja msaidizi wa kisheria, mwanamke, pale ofisi ya kata, kutufundisha mambo ya mirathi. Watu walipotawanyika nikamfuata, nikamwambia nina rafiki yangu ana shida. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo rafiki anapata usingizi? Nikaangua kilio palepale.

Akaniambia, "Mama Somoe, ukanda huu nani hana majina mawili? Mimi mwenyewe ninayo. Hilo si kosa. Kosa ni kusambaza habari za ugonjwa wa mtoto bila ridhaa." Akanieleza kwamba ipo sheria ya taarifa binafsi: anayechukua habari zako lazima aseme za nini, asimpe mwingine bila ridhaa yako, na una haki ya kumtaka azifute. Na wakala wa wachezaji lazima awe na leseni. Lakini akasema kabla ya kwenda popote, kamwambie binti. Habari ni zake.

Hilo ndilo lililonishinda kuliko jela. Nilimkuta anapukuchua mbaazi, nikamweleza yote, sikujitetea. Akamaliza mbaazi zilizokuwa mkononi. Kisha akasema, "Mama, mimi nilidhani unanionea haya." Afadhali angenipiga.

Tukaenda Newala mahakamani tukaapa kiapo cha majina, kwamba Siwema na Somoe ni mtu mmoja. Barua za malalamiko alisaini mwenyewe, alikuwa ametimiza kumi na nane. Shirikisho la mpira likajibu kwamba mtu yule hana leseni na karatasi yake haimfungi mtoto. Tume ya taarifa ikamwamuru afute. Alifuta? Kwenye simu yake, labda. Maji yakimwagika hayazoleki, mwezi uliopita tu mtu amepiga akauliza yaleyale.

Namshukuru yule dada wa sheria, na kocha aliyenisamehe uongo wangu, na mwenyekiti aliyenishika mkono kwenda mahakamani. Wazazi wenzangu, akija mtu, muulizeni leseni, muulizeni karatasi anazipeleka wapi, na mumwite mtoto aketi asikie.

Tulipokwenda Masasi kumsajili, karani alininyooshea mimi mkono, akasema mama, tupe karatasi. Nikampa Somoe bahasha. Akatoa cheti cha shule, akatoa kiapo. Karani akaiona kadi ya kliniki, akasema na hiyo pia. Somoe akamuuliza ya kazi gani. Akasema ya kuweka tu kwenye faili. Somoe akairudisha ndani ya bahasha, akamwambia daktari wa timu akitaka kumpima ampime. Hakunitazama hata kidogo. Yule bwana akaandika bila kadi.