Mafuta Niliyotia kwenye Chombo cha Mwalimu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi, wanangu wanafunzi, na wewe Mwalimu wetu wa fizikia unayestaafu leo: nawasalimu nyote kwa jina la Mungu.

Mimi mhudumu wenu nimezoea ufagio, si kipaza sauti. Lakini nina jambo la kuungama.

Wote mnakijua chombo cha Mwalimu cha kunasa mitetemeko ya ardhi: nondo iliyobebeshwa tofali, inayoning'inia kama lango, na kalamu kwenye ncha inayochora mstari kwenye karatasi. Egemeo lake, pale nondo inapojigeuzia, lilimhangaisha miaka miwili. Bawaba ya mlango ikawa nzito. Ncha ya msumari ikajichimbia shimo. Mwishowe akaweka gololi ya baiskeli iguse wembe, nukta moja tu, na nondo ikayumba hata mtu akipiga chafya. Kuanzia Januari, kimya! Mstari umenyooka kama wa rula. Mkuu akasema kisipoandika kitu hadi Mwalimu aondoke, chumba chake kiwe stoo ya mifagio yangu. Nami ibadani nikamshukuru Mungu kwa utulivu wa dunia.

Ndugu zangu, ni nani hapa anayetia mafuta bawaba zote za shule kila Jumatatu, tangu Januari hiyo hiyo? Na kitu kinachoning'inia kama lango, ningekirukaje?

Mnacheka! Jumatatu hii nilimsikia Mwalimu akiwaambia wanafunzi, "Hapa pawe pakavu kabisa. Mafuta yakishika vumbi, yanakuwa gundi." Kopo la mafuta likanitoka mkononi.

"Vipi, dada?"

"Presha tu, Mwalimu."

Mungu anisamehe, sina presha.

Walipotoka nikapangusa gololi na wembe kwa spiriti, huku naomba. Jumatano asubuhi nikakuta kalamu imechora milima na mabonde, na redio inasema ardhi imetikisika ng'ambo ya bahari. Mwalimu alikuwa ameshakabidhi funguo. Hakuona.

Mwalimu, kaa, usinijie na hiyo fimbo! Unaondoka ukidhani umeshindwa. Hukushindwa hata kidogo. Ulikuwa unapambana na kopo langu. Karatasi ni hii, nimeihifadhi ndani ya Biblia.

Mheshimiwa Mkuu, mifagio inatosha chini ya ngazi. Nakuomba mbele ya watu wote, chumba kile kibaki cha chombo. Naona unaitikia kwa kichwa. Walimu, ninyi ni mashahidi.

Sasa njoo, Mwalimu, uisome dunia yako. Nawashukuru kwa kunivumilia, na Mungu awabariki.