Ndoto ya Mshika Ngazi

Kijiwe chetu kiko kati ya duka la misumari na kibanda changu cha kushona viatu, na asubuhi hiyo hakuna aliyekaa akatulia. Wingu lilishatanda. Fundi Bati alikuwa anasubiriwa kwenye paa la ghorofa, na mwenye nyumba hakuacha kumpigia simu. Lakini Shemeji, kaka wa mkewe na mshika ngazi wake, alikuwa amemuota akianguka. Basi wamekaa, ngazi imelala miguuni, kahawa inapoa. Mambo ya ndoto yananichosha, ila nilisogeza kigoda nisikie.

SHEMEJI: Nimekuona kabisa! Ngazi imeteleza, ukashuka kama gunia. Leo hupandi.

FUNDI BATI: Mvua ikiingia kwa watu, utaiota na hiyo?

MAKTABA, ambaye hakuna gazeti kuukuu linalompita: Usicheke. Zamani ndoto ilikuwa ujumbe kutoka juu. Wafalme waliajiri watu wa kuzitafsiri. Wagonjwa walikwenda kulala hekaluni waoteshwe dawa!

KINYOZI: Baadaye wakaja wengine wakasema ni tumbo tu. Umevimbiwa, unaota.

SHEMEJI: Mimi nililala na njaa.

MAKTABA: Basi wakaja madaktari wa akili. Hao wanasema mtu huota anachokitamani.

Fundi Bati akaweka kikombe chini.

FUNDI BATI: Shemeji, kumbe unatamani nianguke?

SHEMEJI: Astaghfirullah! Mume wa dada yangu?

KINYOZI: Hayo yamepitwa. Siku hizi wanasema ni ubongo unafagia takataka za mchana.

MAKTABA: Na zikifagiwa zinakwenda wapi? Zinaingia kwa jirani! Labda ndoto ni ya mtu mwingine, imekosea nyumba.

KINYOZI: Ni minara ya simu hiyo. Inazichanganya.

FUNDI BATI: Nyie watu! Mimi nataka kujua, nipande au nisipande?

Hapo akatokea mkewe, kamletea nyundo aliyoisahau. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia kaka yake.

— Kaka, kwenye hiyo ndoto, ngazi ilipoteleza, wewe ulikuwa wapi?

Shemeji akaisogeza ngazi kwa mguu. Maktaba akalikunja gazeti lake taratibu. Mimi nilijikuta naitazama mikono ya Shemeji, na nikaona wenzangu wote wanaitazama.

— Mjibu dada yako, akasema Fundi Bati.

Simu ya mwenye nyumba ikaanza kuita tena. Ikaita mpaka ikakatika.