Maneno Yangu ya Kwanza kwa Baba Mkwe

Mtanisamehe, mama zangu na baba zangu, nikiishikilia hii meza. Mchungaji amesema nieleze Mungu alivyonitoa kwenye woga, na woga wenyewe ndio huu nimekuja nao hapa mbele.

Mimi ni Mkisi, mtoto wa ufukweni mwa ziwa, mama yangu anafinyanga vyungu. Nikaolewa huku Bujonde, kwa Wanyakyusa, kwenye mpunga na kakao. Shule niliishia darasa la saba. Baadaye nikapata kazi ya usafi kwenye nyumba ya wageni kule ziwani, nikawa nalala hukohuko, Jumamosi narudi kwa mume. Siku ya kwanza bosi aliniuliza, "Kiingereza unajua?" Nikasema najua.

Ndugu zangu, nilikuwa najua neno moja tu: yes. Mgeni akisema lolote, mimi yes, na tabasamu juu. Wakanisifu kuwa yule dada ni mkarimu. Hawakujua kwamba kila nikisikia mlango unafunguliwa, nainama chini ya kitanda kama nafagia.

Njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi moja mgeni mmoja, mama wa kizungu mtu mzima, alinikuta natandika shuka. Taulo begani. Akanyoosha kidole kule mto unapoingia ziwani, akauliza kitu. Nikasema yes. Akashukuru, akaenda zake. Mimi nikaendelea na mito na foronya.

Mpishi akaja kuniuliza, "Yule bibi kaelekea wapi?" Nikamwambia. Akaangusha sufuria. "Kule kwenye mamba?"

Nyie mliozaliwa pale mnajua, hata mtoto haogi pale. Nilikimbia hadi kanga ikabaki njiani. Nikamkuta maji yamemfika kifuani. Nikafungua mdomo nimwite, na nawaambia kweli, hakikutoka kitu. Sikuwa na neno. Nikapiga kelele kwa Kikisi, nikapiga kwa Kinyakyusa, nikapunga mikono. Naye akanipungia mkono, anacheka! Alidhani namsalimia.

Niliingia na nguo zangu. Sikumwona mamba, lakini kila jani lililonigusa mguu nilijua ndiye. Nikamshika mkono, nikamburuta mpaka mchangani. Akanifokea, akaniona mwendawazimu. Mpishi akafika, akamweleza. Yule mama akaniangalia, akauliza kitu kwa sauti ndogo. Nami kwa mazoea nikajibu yes.

Mpishi ndiye aliyenieleza baadaye. Yule mama aliuliza, "Ulijua kuna mamba, ukaniacha niende?"

Bosi alinirudisha nyumbani. "Siku utakapoweza kuongea na mgeni, uje." Lakini kuipoteza kazi hakukuniumiza kama lile swali. Niliogopa kulala. Nikifumba macho namwona ananipungia.

Mume wangu akasema, "Kiingereza kiko hapahapa nyumbani. Baba kafundisha mpaka kustaafu." Nikacheka kwa uchungu. Mila ya huku mnaijua: mkamwana na baba mkwe hawakutani. Nikimwona njiani naacha njia, nachuchumaa kwenye mpunga mpaka apite. Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kuisikia sauti yangu.

Hata hivyo mume akaenda kumsimulia baba yake yote, akamwomba anifundishe. Mzee akajibu, "Akae jikoni, mimi nitakaa nje na kakao yangu. Ukuta upo, mama yenu atakaa mlangoni." Ikawa hivyo kila jioni. Yeye anageuza kakao iliyoanikwa, anatamka neno, mama mkwe analipokea na kunipa, mimi namnong'oneza jibu, analipeleka. Kiingereza kilichopita kwa mama mkwe, jamani, kilikuwa kinafika kimechoka! Lakini kwa miezi miwili nikapata majina ya vitu, vitenzi, nikajua kuuliza na kukataa. Kwa kunong'ona.

Siku moja mama mkwe akaenda msibani Ipyana. Nikajua leo hakuna somo. Mara nasikia kiti kinawekwa nje ya ukuta. Mzee akasema kwa Kiingereza, polepole, nikaelewa kila neno: mgeni anaingia majini, mwambie.

Nikijibu, atanisikia. Nitakuwa nimemvunjia heshima mkwe wangu ndani ya mji wake, na wanawake wenzangu wataniimba kisimani. Akarudia: mgeni anaingia majini. Akasema tena, maji yamefika magotini. Akasema, yamefika kifuani.

Ndipo nikamwona yule mama, nikapiga ukelele: "Stop! Danger! Come back!"

Kuku walitawanyika. Nikajishika kichwa. Maneno yangu ya kwanza kwa baba mkwe, tangu niolewe, ni kumwamrisha kwa ukali kama mtoto! Nikasikia kiti kinasogea, nikajua anaondoka kwa hasira, na ndoa imekwisha.

Akasema kwa upole, "Nimesimama, mwanangu. Sasa nirudi?"

Nililia pale jikoni mpaka moto ukazima. Jioni mama mkwe aliporudi mzee alimweleza mwenyewe, wakakubaliana: uso tuuheshimu kwa kutoonana, sauti iachiwe, maana sauti inaweza kuokoa mtu. Baada ya mavuno nilirudi ziwani. Bosi alinipima mbele ya wageni wawili. Nilikosea sana, lakini nikaelewana nao, akanirudisha kazini.

Bado naogopa. Woga haukuisha, ila siuachii tena unijibie. Juzi mgeni aliniuliza jambo sikulielewa, nikamwambia sijui, sema tena. Hakunicheka. Nanyi mkiwa hamjui, semeni hamjui, hata kama wote wanawatazama. Aibu yake ni ya dakika moja. Mimi nilikaribia kuibeba maiti ya mtu maisha yangu yote.

Namshukuru mpishi aliyeacha sufuria. Namshukuru mume wangu, na mama mkwe aliyekaa mlangoni miezi miwili akitafuna lugha asiyoijua.

Na wewe baba, najua umekaa upande ule wa wanaume. Sitageuka huko, usijali. Lakini leo hakuna ukuta, na hawa wote wanasikia. Ndaga fijo, baba. Asante sana.