Mama Levina na Wapagazi wa Jua la Tano

Wasikilizaji wapendwa wa Tabora mjini, Urambo, Ulyankulu na kote mnakotusikia, vuteni viti. Leo tunamkumbuka Mama Levina Zablon wa Kaliua. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa mtafsiri wa filamu. Na kuna filamu moja inayosifiwa na kila mtu, ambayo yeye alikataa kuisifu. Alikataa mpaka mwisho.

Banda lake la video lilikuwa jirani na stesheni. Mabenchi sita, runinga moja, deki moja. Abiria wa treni ya Mpanda waliingojea humo. Mama Levina alikaa pembeni na kipaza sauti, akimsemea kila mtu wa kwenye filamu kwa Kiswahili: nahodha, jambazi, hata roboti. Roboti wake aliongea kama karani wa soko la tumbaku, watu wakashika mbavu.

Filamu iliyojaza banda ni Jua la Tano. Sehemu saba, zote za safari za anga. Vijana wanaapa kwamba haijatengenezwa nyingine ya kuifikia. Mama Levina naye aliipenda. Aliipenda hadi sehemu ya tatu.

Humo nahodha anavuka jangwa la sayari iliyokufa. Nyuma yake wapagazi mia mbili wamebeba mitambo. Wanaanguka mmoja mmoja. Nahodha anafika peke yake, anavishwa nishani, muziki unapanda. Banda zima lilipiga makofi. Mama Levina akazima deki.

"Hao mia mbili," akauliza, "waliitwa nani?"

Kijana wa bodaboda, Abasi, akasimama. "Shikamoo mama, lakini leo unatuharibia. Hiyo ni sinema tu!"

"Marahaba. Kama ni sinema tu, mbona ulitokwa machozi nahodha alipovunjika mkono?"

Watu wakamcheka Abasi. Akatoka amenuna.

Kwa nini jambo hili lilimchoma hivyo? Mdogo wake, Vedasto, ametueleza. "Babu wa baba yetu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, hapa Tabora, mpaka pwani, akafia njiani. Jina la tajiri wake tunalijua mpaka leo. Jina la babu hatulijui."

Basi tangu siku ile, kila mpagazi aliyeanguka katika Jua la Tano, Mama Levina alimpa jina. "Huyo ni Ambrosi wa Usinge. Ameacha mke na shamba la karanga." Vijana walizomea. Wakahamia banda la pili. Wakabaki watazamaji kumi na mmoja.

Vedasto alimsihi. "Dada, dunia nzima inaisifu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni kitukuu wa asiyetajwa. Picha zao nzuri, nazikubali. Lakini anayesimulia msafara akamtaja mtu mmoja tu, huyo hajasimulia msafara. Filamu hiyo haistahili sifa hizo. Hata nikibaki na benchi tupu, nitasema."

Na alisema, wasikilizaji wapendwa. Miaka tisa alisema.

Alhamisi tulimzika. Kutoka nyumbani hadi makaburi ya kigango ni mwendo mrefu, na jeneza lilikwenda mabegani. Wa kwanza kuingiza bega alikuwa Abasi. Wakafuata wale wale waliozomea, wakipokezana. Binti wa Mama Levina, Flavia, alitembea kando na daftari. Kila aliyepokea, alimwandika.

Flavia alipomaliza kusoma wasifu wa marehemu, hakukaa. Alifungua daftari akasoma majina ya waliombeba mama yake. Majina thelathini na nane. Mzee mmoja akanong'ona, "Jua kali, binti, fupisha." Flavia akaendelea. Alipomtaja Abasi, kijana yule akaitika kwa sauti, kama darasani: "Nipo, mama!"

Vedasto, Flavia na ukoo wote wa Zablon, poleni sana. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi wasikilizaji, itazameni tena Jua la Tano. Hatuwakatazi. Ila nahodha akivishwa nishani, tazameni nyuma yake, kisha mseme wenyewe kama sifa zile ni halali. Na majumbani mwenu, waulizeni wazee majina kabla hayajapotea.

Leo hatufungi kwa muziki. Daftari la Flavia liko hapa mezani. Tutayasoma majina yote thelathini na nane, na anayeona orodha ni ndefu avumilie. Kubeba kulikuwa kurefu zaidi.

Abasi Masika. Emilian Elieza. Darwesh Muntasir…